Wenzangu wamelipwa mshahara mpya, mimi nimeachwa: je, mkataba wa hali bora unanihusu?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni opereta wa mashine katika kiwanda kimoja hapa Tanzania. Nilianza Juni 2023 kwa mkataba wa mwaka mmoja, ukaongezwa mara mbili, na huu wa sasa unaisha tarehe 31 Mei 2026. Tarehe 12 Septemba 2025 chama cha wafanyakazi, TUICO, na mwajiri walisaini mkataba mpya wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, wenye ngazi mpya za mishahara, kuanzia 1 Julai 2025. Kwa daraja letu mshahara wa msingi ulipanda kutoka shilingi 310,000 hadi 385,000. Mwisho wa Oktoba wenzangu walilipwa mshahara mpya pamoja na malimbikizo, mimi nikapata uleule wa zamani. Afisa utumishi akaniambia nisubiri, nikasubiri. Tarehe 14 Januari 2026 nikapewa barua kwamba sistahili: kwanza, mkataba uliposainiwa sikuwa mwanachama wa TUICO (nilijiunga Novemba), pili, niko kwenye mkataba wa muda maalumu, tatu, hata ningestahili, daraja langu ni la chini ya hilo ninalodai. Nina haki gani? Na nikidai, si watanifukuza?

Jibu:

Ndugu yangu, pole kwa kusubiri. Haki yako nitaifikia, na kwa jinsi ulivyoeleza naiona ni nzito. Lakini naanza na kalenda, kwa sababu kalenda ndiyo inayoweza kukunyima fedha hizi hata kama kila hoja nyingine ni yako.

Mgogoro wa namna hii unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kanuni zinazoongoza kazi za Tume, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, zinasema katika kanuni ya 10 kwamba anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, na migogoro mingine yote ina siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wako uko katika hiyo mingine. Sasa swali linalokuwa gumu kuliko watu wanavyodhani: mgogoro wako ulitokea lini?

Mwajiri atasema ulitokea tarehe 31 Oktoba 2025, siku wenzako walipolipwa na wewe ukarukwa. Kwa hesabu hiyo siku zako 60 ziliisha tarehe 30 Desemba, nawe umechelewa. Wewe utasema hadi tarehe 14 Januari hapakuwa na mgogoro: uliuliza, ukaambiwa subiri, na aliyeambiwa asubiri hajakataliwa. Kukataliwa kumekuja na barua. Ukihesabu kuanzia siku inayofuata barua hiyo, siku ya 60 ni tarehe 15 Machi 2026, nayo ni Jumapili. Usiitegemee Jumapili. Kwako siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 13 Machi, nami ninaandika haya zikiwa zimebaki wiki tatu.

Hoja yako ya tarehe 14 Januari ni nzuri, ila usiingie nayo peke yake. Pamoja na Fomu Na. 1 ya CMA, ambayo ndiyo ya kufungulia mgogoro, jaza na Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ukieleza kwamba unaileta kwa tahadhari endapo Tume itaona muda ulianza Oktoba. Katika maombi hayo eleza kila kipindi: ulimwona nani, lini, alikujibu nini. Mahakama zetu zimekuwa na msimamo mmoja kwa miaka mingi: anayeomba kuongezewa muda aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni siku moja. Na ujue kwamba mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa. Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapoumia. Wanaambiwa “faili liko kwa bosi”, “subiri kikao cha bodi”, “mwezi ujao tutalimaliza”, nao kwa heshima wanasubiri, kisha siku wanapofika Tume yule yule aliyewaambia wasubiri analeta pingamizi la awali kwamba wamechelewa. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekuwa na kila karatasi, zimepangwa kwa mwezi ndani ya kopo la maziwa ya unga, hesabu yake haina kosa la shilingi moja. Shauri lake halikufika hata kwenye hesabu hiyo. Liliishia kwenye tarehe. Sijamsahau, na ndiyo maana kila anayeniuliza kuhusu mshahara namwuliza tarehe kwanza.

Sasa tuje kwenye haki yenyewe. Vifungu nitakavyotaja ni vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa namba zake za awali. Ukikutana na toleo la sheria lililorekebishwa, lililoanza kutumika Julai 2025, linganisha namba kabla hujaziandika kwenye fomu.

Sababu ya kwanza waliyokupa, kwamba hukuwa mwanachama, ndiyo dhaifu kuliko zote. Kifungu cha 71 kinasema mkataba wa hali bora ukishaandikwa na kusainiwa unawafunga watu wa aina tatu: pande zilizousaini, wanachama wao, na wafanyakazi wasio wanachama pia, ikiwa chama kilichosaini kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani chama pekee kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, katika eneo hilo la kazi. Chama kinapata hadhi hiyo chini ya kifungu cha 67 kwa kuwakilisha wafanyakazi walio wengi. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwajiri si lini ulijiunga. Ni je, TUICO inatambuliwa hapo kiwandani kuwa wakala pekee wa majadiliano? Kama jibu ni ndiyo, kadi yako ya Novemba haibadilishi kitu. Ungekuwa ndani ya mkataba hata kama hujawahi kujiunga na chama maishani mwako.

Utalithibitishaje hilo? Ushahidi wa kwanza ni mkataba wa kutambuana kati ya TUICO na kiwanda, ambao viongozi wa tawi wanao. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao pengine unao nyumbani na hujautazama. Chukua hati zako za mshahara za miezi ya kabla ya Novemba 2025, kabla hujawa mwanachama. Shuka hadi sehemu ya makato. Baada ya kodi na NSSF, angalia kama kuna mstari ulioandikwa “uwakala”, au “TUICO”, au kifupi chochote cha chama, wenye kiasi kidogo kinachojirudia kila mwezi. Kama upo, hiyo ni ada ya uwakala. Kifungu cha 72 kinaruhusu chama kinachotambuliwa kuingia makubaliano na mwajiri ili wasio wanachama, lakini wanaofaidika na majadiliano, wakatwe ada hiyo. Mwajiri hawezi kukukata ada ya kuwakilishwa na TUICO mwezi Agosti, halafu Januari akuandikie kwamba TUICO haikukuwakilisha. Mstari huo mmoja wenye shilingi elfu chache unajibu nusu ya barua yake. Utafute kabla ya kitu kingine chochote.

Na hata kama mstari huo haupo, na hata kama kwa sababu fulani TUICO haijafikia hadhi ya wakala pekee, sheria hiyo hiyo inasema mkataba wa hali bora unawafunga pia wale wanaojiunga na chama baada ya mkataba kuanza. Hapo utakuwa na mshahara mpya kuanzia Novemba, na ubishi utabaki kwenye miezi ya Julai hadi Oktoba. Ni pungufu ya unachostahili, lakini ni mbali sana na “hustahili”.

Sababu ya pili, mkataba wa muda maalumu, inahitaji uangalifu zaidi. Hapa sitakuambia neno la kukufurahisha tu. Kifungu cha 71 hakitofautishi mfanyakazi wa kudumu na wa muda. Kinaangalia kama uko ndani ya kundi la wafanyakazi ambalo chama kinalijadilia. Kwa hiyo jibu liko ndani ya mkataba wenu wa hali bora, kwenye ibara za mwanzo zinazoeleza mkataba unawahusu nani. Zisome neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa “wafanyakazi wote wa kiwanda isipokuwa uongozi wa juu”, wewe ni miongoni mwa wote. Ikiwa imeandikwa “wafanyakazi wa madaraja haya hadi haya”, bado umo, kwa sababu daraja linatokana na kazi na halina habari na urefu wa mkataba. Lakini ikiwa imeandikwa waziwazi “wafanyakazi wenye mikataba ya kudumu”, hapo kazi inakuwa ngumu, na ni afadhali uijue leo kuliko kuisikia mbele ya msuluhishi.

Kama umekutana na maneno hayo, usikunje karatasi. Wewe ni opereta wa mashine. Ulipoajiriwa mwaka 2023, kifungu cha 14 cha sheria kiliweka mikataba ya muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi. Kifungu hicho kilifanyiwa marekebisho mwaka 2025 na mazingira ya mikataba hiyo yakapanuliwa, ila mkataba wako wa kwanza ulisainiwa kabla ya hapo. Kuna hoja ya kweli kwamba opereta aliyefanya kazi ile ile, mashine ile ile, mwaka baada ya mwaka, hakupaswa kuwekwa kwenye mkataba wa namna hiyo tangu mwanzo. Ni hoja ya kuongozwa na wakili au afisa wa TUICO wa mkoa, kwa sababu inafungua mlango mpana kuliko mshahara peke yake. Nimeitaja ili ujue ipo.

Ya tatu ni daraja. Hapa nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo barua yao imeyachanganya, na sina hakika kama imeyachanganya kwa bahati mbaya. Jambo la kwanza: je, kazi uliyoajiriwa kuifanya iko kwenye daraja gani katika jedwali jipya? Hilo ni suala la haki, lina jibu kwenye karatasi. Jambo la pili: je, kwa uzoefu wako ungefaa kupandishwa? Hilo ni suala la maslahi, nalo halidaiwi kwa njia hii. Ukiingia Tume ukasema “nimefanya kazi vizuri, nastahili daraja la juu”, umehama kutoka uwanja ulio na nguvu kwenda usio na nguvu. Sema tu: “Kazi yangu ni opereta. Jedwali linasema opereta ni daraja hili. Wenzangu wanaoendesha mashine kama yangu wamelipwa kwa daraja hili.”

Ushahidi wake unaweza kuwa mkononi mwako zaidi ya unavyodhani. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya ajira yako: cheo, maelezo ya kazi, mshahara, saa. Yakibadilika, anapaswa kuyarekebisha kwa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Na kifungu kidogo cha 6 kinasema kwamba ukizuka ubishi kuhusu sharti fulani la ajira na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti hilo ni wake. Basi kama daraja unalodaiwa kuwa nalo halijaandikwa popote kabla ya barua ya Januari, mwache ahangaike nalo yeye.

Halafu kuna daftari la makabidhiano ya zamu. Kila kiwanda nilichowahi kukifikia kina daftari hilo pembeni ya mashine, limejaa mafuta na alama za vidole: tarehe, zamu, mashine, aliyekabidhi, aliyepokea, hitilafu zilizojitokeza. Saini yako humo, usiku kwa usiku, chini ya neno “opereta”, ina uzito kuliko maneno matamu ya afisa yeyote. Daftari ni mali ya mwajiri, usilichukue wala usichane kurasa zake. Utajitengenezea kosa la nidhamu bure. Andika tarehe na namba za kurasa, kisha katika shauri uombe mwajiri alilete. Ratiba za zamu zilizobandikwa ubaoni, fomu za kuombea vipuri ulizosaini, vyeti vya mafunzo ya mashine, vyote vinaingia kapu moja.

Tufanye hesabu, maana dai lisilo na hesabu linaonekana kama malalamiko ya kijiweni. Tofauti ya mshahara wa msingi ni 385,000 kutoa 310,000, yaani shilingi 75,000 kwa mwezi. Kuanzia Julai 2025 hadi mwisho wa Februari 2026 ni miezi minane: shilingi 600,000. Wengi huishia hapo na kuacha fedha mezani, kwa sababu mshahara wa msingi una watoto. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa mfanyakazi wa saa 45 kwa wiki anayelipwa kwa mwezi, jedwali la sheria linataka mshahara ugawanywe kwa 4.333 mara saa za wiki, ambayo ni karibu saa 195. Kwa mshahara wa zamani saa moja ya ziada ni kama shilingi 2,385. Kwa mpya ni kama 2,962. Tofauti ni shilingi 577. Ukifanya saa 20 za ziada kwa mwezi, miezi minane inakupa zaidi ya shilingi 92,000 juu ya zile 600,000. Bado hatujagusa asilimia 5 ya kazi ya usiku, wala malipo maradufu ya siku ya mapumziko ya wiki na ya sikukuu, ambayo yote yanatokana na mshahara huo huo wa msingi. Bado pia michango ya NSSF, inayokatwa kwa asilimia ya mshahara. Mshahara ukiandikwa mdogo, na akiba yako ya uzeeni inaandikwa ndogo. Tengeneza jedwali: mwezi, mshahara uliolipwa, uliostahili, saa za ziada, tofauti. Ukurasa mmoja unatosha. Msuluhishi ataupenda na mwajiri ataufahamu.

Angalia pia jambo hili katika hati za wenzako waliolipwa, kama watakubali kukuonyesha: je, mshahara wa msingi umepanda kweli, au posho ya nyumba na ya usafiri zimemezwa ndani yake? Ikiwa mkataba umeruhusu kuunganisha, hesabu yako ya jumla itashuka, na ni vyema uijue kabla hujataja namba.

Usichanganye dai lako na nyongeza nyingine ulizozisikia. Asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida, ya kupandisha kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000, ilikuwa ya watumishi wa umma. Kima cha chini kipya cha sekta binafsi kilichoanza 1 Januari 2026 kinakuhusu, lakini ni sakafu tu, na mkataba wa hali bora unaokulipa zaidi ya sakafu unabaki palepale. Iwapo utagundua kwamba hata mshahara unaolipwa sasa uko chini ya kima hicho kwa sekta yako, hilo ni kosa jingine kabisa, na afisa kazi ana mamlaka ya kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza.

Sasa hatua zenyewe. Wiki hii mwandikie mwajiri barua fupi kujibu ya kwake: unapinga sababu zote tatu, unaomba nakala ya mkataba wa hali bora, na unataja kiasi unachodai. Mpe siku saba. Mtu akupokelee, asaini nakala yako na kuandika tarehe. Siku hiyo hiyo nenda tawi la TUICO. Sasa wewe ni mwanachama, na mkataba ni wao. Wana sababu yao wenyewe ya kutokubali mwajiri achague nani unamhusu na nani haumhusu. Chama kikisimama nawe shauri lina sura nyingine. Wasipoamka, usiwangoje. Sheria inakuruhusu kuwakilishwa na afisa wa chama, wakili au mtu unayemchagua, na huduma ya CMA ni bure.

Siku saba zikipita, nenda ofisi ya CMA ya mkoa wako ujaze Fomu Na. 1. Kwenye aina ya mgogoro chagua ile inayohusu utekelezaji na tafsiri ya sheria au makubaliano ya ajira. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi peke yao; wewe uko kazini, iache tupu. Nimeona mashauri mazuri yakivurugika kwa sababu mtu alijaza kila nafasi aliyoiona. Saini mwenyewe, mpelekee mwajiri nakala, na uirudishe Tume ukiwa na uthibitisho kwamba aliipokea.

Usuluhishi unapaswa kumalizika ndani ya siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Usikose hata kikao kimoja: anayelalamika asipofika, shauri lake linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Yanayosemwa katika usuluhishi hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo zungumza kwa uhuru. Ila kuwa macho na karatasi ya makubaliano. Ukiletewa shilingi 300,000 pamoja na maneno “malipo kamili na ya mwisho ya madai yote”, ukisaini umeuza na miezi inayokuja. Kama unakubali kupunguza malimbikizo ili amani iwepo, hiyo ni hiari yako, lakini karatasi iseme kwamba kuanzia mwezi fulani mshahara wako ni 385,000.

Usuluhishi ukishindikana, njia inagawanyika, na watu wengi hupotea hapa. Kwa kawaida mgogoro ulioshindikana katika usuluhishi huenda kwa mwamuzi hapo hapo CMA. Lakini kifungu cha 74 kinasema mgogoro kuhusu utekelezaji au tafsiri ya mkataba wa hali bora, ukishindikana, unapelekwa Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, isipokuwa pande za mkataba zimekubaliana vinginevyo. Soma ibara ya utatuzi wa migogoro katika mkataba wenu, kawaida iko kuelekea mwisho, uone kama wamechagua mwamuzi. Ukienda mlango usio wake unaweza kushinda leo na baada ya mwaka ukaambiwa aliyekupa ushindi hakuwa na mamlaka. Hatua hii usiifanye bila chama au wakili. Usiogope gharama za upande wa pili ukishindwa: katika mashauri ya kazi hazitolewi, isipokuwa shauri likionekana ni la usumbufu tu.

Wenzako wakikuhurumia na kusema “tugome”, washukuru na uwazuie. Hakuna mgomo halali juu ya jambo ambalo tayari limo ndani ya mkataba wa hali bora. Mtampa mwajiri sababu asiyokuwa nayo.

Umeniuliza kama watakufukuza. Sitakuahidi kwamba hawatajaribu. Ninachokuambia ni kwamba kifungu cha 37 kinasema kutumia haki uliyopewa na sheria au makubaliano si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na uanachama wa chama vilevile. Kwako hatari haiko kwenye barua ya kufukuzwa. Iko tarehe 31 Mei, mkataba wako unapoisha, na mwajiri akanyamaza tu. Kwa hilo kuna kifungu cha 36: kukataa kuongeza mkataba wa muda maalumu kwa masharti yale yale, wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa, kunahesabiwa kuwa kuachishwa kazi. Umeongezewa mara mbili mfululizo. Hiyo ni mwanzo wa matarajio, lakini haitoshi peke yake. Kusanya na vingine. Kama mwezi Aprili umepangwa kwenye ratiba ya likizo ya Agosti, au umepelekwa mafunzo ya mashine mpya, au msimamizi amekuandikia ujumbe wa simu kuhusu zamu za Juni, tunza vyote. Na endapo hawatakuongezea, hilo litakuwa shauri la pili lenye fomu yake na muda wake, na safari hii Sehemu B unaijaza. Muda wake ni siku 30. Kutoka 31 Mei, siku ya thelathini ni 30 Juni 2026, Jumanne.